Mifereji Myembamba Kuliko Unywele

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Maabara alinikabidhi koti jeupe lililokuwa na tundu la asidi mfukoni, akanionyesha chumba cha mwisho kwenye korido, akasema, "Hapa ndipo utakapokaa. Dirisha liache wazi, hata mvua ikinyesha. Hiyo harufu ukiizoea ndipo utaanza kuwa na shida."

Harufu yenyewe ilikuwa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Ilichoma macho na kukauka kooni. Nilisimama pale nikitazama rafu zenye chupa ndogo ndogo, kila chupa na karatasi yake ya jina, na ndani ya kila chupa kipande cha mtu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ya misheni upande wa Kericho, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kapsoit. Mimi ni mtu wa Nyamira. Nilikuwa nimemwacha mke wangu, Mama Moraa, nyumbani na ng'ombe wawili na mtoto mchanga. Tulikubaliana nitakuwa nikirudi kila mwisho wa mwezi. Tulidhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili.

Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo mnabonyeza mashine na mashine inafanya. Sisi tulitumia mikono. Daktari akimpitishia mgonjwa mpira wenye taa kooni, alinyofoa kipande kama punje ya mchele. Kipande hicho kililala ndani ya fomalini usiku mmoja. Kisha nilikipitisha kwenye spiriti, kutoka nyepesi hadi kali, ili maji yote yatoke, halafu nikakimwagia nta ya moto. Nta ikiganda, unakuwa na kitu kama kipande cha sabuni chenye nyama katikati. Hicho ndicho nilichokata kwa maikrotomu, mashine yenye kisu na gurudumu la mkono, inayokata utando mwembamba kiasi cha kuona mwanga kupitia ndani yake. Utando huo ulielea juu ya maji ya vuguvugu, nikauzoa kwa slaidi, yaani kipande cha kioo, nikautia rangi mbili. Viini vya seli vinashika zambarau, vingine vyote vinakuwa waridi.

"Usipumue unapokata," Mkuu wa Maabara alinifundisha. "Pumzi yako ni upepo wa kimbunga kwa kitu kama hiki."

Nilijifunza kutopumua.

Ugonjwa uliotujazia rafu ulikuwa saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni. Watu walikuja kutoka Silibwet, kutoka Chepseon, kutoka ndani kabisa ya mashamba makubwa ya chai, wote na maneno yaleyale: chakula kinakwama. Walianza kwa kuacha nyama, wakaacha ugali, wakabaki na uji, halafu maji. Wengine walilaumu maziwa ya kibuyu, wengine chai ya moto kupita kiasi, wengine jirani. Hakuna aliyejua.

Slaidi zetu zilipelekwa Nairobi kwa Daktari wa Patholojia, mtu mwenye ruhusa ya kuzisoma na kutoa jibu. Jibu lilichukua wiki sita au saba. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tu. Lakini mtu akiweka slaidi elfu kadhaa chini ya hadubini ili aone kama rangi imeshika, macho yake yanajifunza bila kuombwa. Saratani ya umio mara nyingi hujikunja duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Nikiona vitunguu, nilijua. Na jina lilikuwa pale kwenye chupa.

Hapo ndipo upweke wangu ulipoanza. Nilikuwa nikikutana sokoni na mama anayechagua viazi, najua jambo lake ambalo yeye atalijua baada ya wiki saba. Ananisalimu, "Chamgei," nami naitikia. Kantini nilikula peke yangu, maana harufu ya fomalini ilinifuata hadi kwenye sahani. Wauguzi walikuwa wema, ila hawakuketi karibu. Kanisani watu walinisalimia kwa kichwa. Kuna waliosema mkono wangu unashika nyama za wafu, ingawa walionipa zile nyama walikuwa hai, tena wengi wao walikuwa wameketi benchi moja nami.

Mtu mmoja tu aliingia chumba changu bila kuziba pua. Aliitwa arap Sigei, seremala wa hospitali, mtu wa Kapsoit, mrefu, mwenye kidole gumba kilichopinda kwa sababu ya nyundo. Alikuja mara ya kwanza kunitengenezea visanduku vya slaidi, vyenye mianya hamsini kila upande. Akavimaliza, akaendelea kuja. Saa nne alileta chupa yake ya chai, akaketi juu ya kreti.

"Wewe Ombati, unakaa hapa kama mtu amefungwa," aliniambia. "Hata mfungwa anapewa saa ya kutembea."

"Nitatembea kwenda wapi?"

"Kwangu. Si mbali. Mama Chebet anapika."

Nikaenda. Nyumbani kwake nilikunywa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye mkaa, ugeni ukanitoka. Mama Chebet hakuniuliza mimi ni kabila gani. Aliuliza kama mke wangu anajua kwamba nimekonda. Kwa miaka minne nyumba ile ilikuwa mahali pekee upande ule wa Kericho ambapo mtu aliniona nikicheka.

Katikati ya miaka ile alikuja Daktari Mtafiti, mama wa makamo kutoka ng'ambo, mwenye maneno machache na viatu vya matope kama vya wachumaji. Alibeba kisanduku cha chuma, na ndani yake, kila kimoja kikiwa kimefungwa karatasi, vilikuwa vipande vya kioo vidogo kama ukucha. Alinipa kimoja. Sikuona kitu. Akaniambia nikiweke chini ya hadubini, na nikaona mistari, mamia ya mistari iliyonyooka, imekaa sambamba kama shamba lililolimwa na mtu asiyechoka.

Alinieleza kwamba hiyo ni mifereji, na kwamba inachorwa kwa mwanga na kuchimbwa kwa asidi, kwa njia ileile wanayotumia kutengeneza vile vipande vya ndani ya kompyuta. Mingine ilikuwa na upana wa sehemu ya kumi ya unywele, mingine zaidi kidogo, na kina tofauti.

"Mwilini seli haitembei kwenye uwanja wa mpira," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni. "Inapita katika njia nyembamba, kati ya nyuzi za nyama. Kwenye sahani laini hatujui tabia yake. Ninataka kuipa njia, nione itafanya nini."

Swali lake lilikuwa hilo. Seli yenye afya ikikuta mfereji, inaufuata? Na seli ya saratani je? Inaufuata, inauruka, au inakwenda mbio zaidi? Maana saratani haiui kwa kukaa mahali ilipoanzia. Inaua kwa kusafiri.

Kwa kazi hii nyama haikutakiwa kuingia fomalini. Ilitakiwa hai. Mgonjwa aliyekubali alitia sahihi au kidole gumba, na kipande cha pili kikaja kwangu ndani ya maji yenye sukari, chumvi na dawa ya kuua bakteria. Nilikikata vipande vidogo mno, nikavilaza juu ya mifereji, nikavipa chakula chao, kisha nikavitia kwenye joto la mwili. Mashine ya joto aliyoileta Daktari Mtafiti iliungua wiki ya pili, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Tukamwita arap Sigei. Alitengeneza sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati akajaza maranda, ndani tukaweka balbu na themostati, kifaa cha kulinda joto lisipande wala kushuka. Kwa gesi ambayo seli zinahitaji, nilitumia mtungi wa kioo wenye kifuniko: unawasha mshumaa ndani, unafunika, mshumaa unakula hewa hadi unazima, na hewa inayobaki inafaa. Daktari Mtafiti alitazama sanduku lile akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Tulishindwa mara nyingi kuliko tulivyofaulu. Kuvu iliota. Vipande vilikufa. Lakini vichache vilishika, na baada ya siku nane au kumi seli zilianza kutoka pembeni mwa kipande, moja moja, zikijinyoosha ndani ya mifereji. Kazi yangu ilikuwa kuzipima. Hadubini ilikuwa na rula ndogo ndani ya jicho lake. Kila baada ya saa moja niliandika seli imesogea kiasi gani, nikachora, na filamu ikipatikana nikapiga picha. Mwaka wa pili Daktari Mtafiti alirudi kwao kwa miezi kadhaa, akaniachia kazi yote na bahasha zenye anwani yake. Nikabaki na seli. Nilikuwa nikizungumza nazo, sifichi.

Arap Sigei alianza kuacha nyama wakati wa kupalilia mahindi.

Niliona kabla hajasema. Alikuja na chai saa nne, akainywa kidogo kidogo, akisimama kila baada ya funda kama mtu anayesikiliza kitu. "Hii kitu inanishika hapa," alisema, akigusa kifua. "Itapita." Ilichukua wiki tatu kumshawishi aende kwa daktari. Alipopitishwa ule mpira, vilitoka vipande viwili, maana alikuwa ametia sahihi ya utafiti bila kuulizwa mara mbili. "Sanduku ni langu," alimwambia muuguzi. "Nikose kuweka kitu changu ndani?"

Kipande cha kwanza nilikikata mwenyewe. Hapakuwa na mwingine wa kukikata. Nilikitia rangi, nikakiweka chini ya hadubini, na vitunguu vilikuwa kila mahali.

Slaidi ikaenda Nairobi. Nami nikaanza kumkwepa rafiki yangu.

Alinikuta siku ya tano, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ombati. Watu wa yule kijana anayemtaka binti yangu Chebet wanataka koito iwe Desemba." Koito ni ile siku ambayo jamaa mbili hukutana kukubaliana juu ya ndoa, na baba wa binti ndiye mwenye neno. "Mimi nataka kuwa pale nikiongea. Si kukaa pale. Kuongea. Sasa niambie, ningoje Desemba ama nisingoje?"

"Jibu litatoka Nairobi. Wiki sita tu."

"Sijakuuliza Nairobi."

"Mimi siruhusiwi, arap Sigei. Mimi si daktari. Naweza kukosea."

"Umekata nyama miaka mingapi hapa?"

Nilianza kupanga slaidi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Na umekosea mara ngapi?"

Nilitazama dirishani. Wachumaji walikuwa wametawanyika kwenye majani, vikapu mgongoni, na ukungu ulikuwa unawafuta mmoja mmoja. Nikamwambia, "Usingoje Desemba."

Aliketi juu ya kreti. Hakulia. Alishika mbao ya meza yangu, akaipapasa ukingo kama anatafuta kama imepigwa randa vizuri. Mwishowe akasema, "Kongoi," yaani asante, akatoka.

Koito ikaletwa mapema, ikapangwa baada ya wiki mbili. Siku chache kabla yake alirudi, amepungua, suruali imekazwa kwa kamba, akaniuliza kama ile sehemu yake ya pili imefanya chochote. Ilikuwa imeota. Sikutaka kumwonyesha, naye akasimama tu pale hadi nikasogeza kiti.

Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Ilinibidi nimweleze ageuze skrubu taratibu.

"Hizi zinafuata laini," alisema. "Kama watu wa kuchuma. Kila mtu na laini yake."

"Ndiyo."

"Zinapumzika saa ngapi?"

"Hazipumziki."

Akainua kichwa. "Hata mimi nilikuwa fundi wa namna hiyo," alisema, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka usoni kama limekumbuka kitu. "Mama Chebet asijue kwamba nimeziona."

Siku ya koito niliketi na wazee, mgeni pekee asiye wa ukoo. Arap Sigei aliongea karibu nusu saa, sauti imekwaruza, akimeza mate kwa shida kati ya sentensi. Alimsifu bintiye, akawapa wale wageni masharti yake, akawachekesha. Halafu, mbele ya watu wote, akanigeukia.

"Huyu ni ndugu yangu. Hospitali ilitaka ningoje. Yeye ndiye aliniambia ukweli. Bila yeye, leo singekuwa na sauti."

Watu walipiga makofi. Kasisi wa hospitali alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu, naye pia alipiga makofi, kwa kweli alipiga kwa moyo. Sidhani alinuia mabaya. Jumatatu alilisimulia tu, kama habari njema, mezani kwa Daktari Mkuu.

Daktari Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulimwambia mgonjwa jibu lake kabla ya patholojia?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na kama ungekosea? Mtu angeuza ng'ombe wake, angegawa shamba lake, kwa sababu fundi wa maabara aliona vitunguu?"

"Sikukosea."

"Hujui bado. Hata mimi sijui. Ndiyo maana kuna utaratibu." Alivua miwani. "Na kesho, mwingine akija kukuuliza, naye utamwambia? Au ni marafiki tu wanaostahili ukweli?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Nikahamishiwa zahanati ndogo upande wa Chepseon, kupima makohozi na malaria. Nilipewa siku tatu. Mkuu wa Maabara alinisaidia kufunga vitu. Siku ya mwisho mfuko wa barua kutoka Nairobi ulifika, safari hii mapema kuliko kawaida, na karatasi ya arap Sigei ilikuwa ndani. Ilisema nilichokisema. Mkuu wa Maabara alinionyesha, akaikunja, akaiweka kwenye faili. Hakuna kilichobadilika.

Zikabaki seli zake. Hapakuwa na wa kuzilisha baada yangu, na ningeziacha zingekufa kwa njaa na kuoza. Daktari Mtafiti alikuwa ameandika kwamba ikibidi, nizigandishe kwa fomalini, ili mahali kila seli ilipofika pabaki vilevile, papimwe baadaye. Mchana ule niliandika kipimo cha mwisho. Nilichukua chupa. Nimemimina fomalini maelfu ya mara maishani. Siku ile nilisoma kwanza jina lake kwenye karatasi, ndipo nikamimina. Nikatazama. Zilisimama ndani ya mifereji, zimejinyoosha, zote zikielekea upande mmoja. Nikavifunga vile vioo kwenye karatasi, nikaviandikia anwani ya ng'ambo, nikavipeleka ofisini. Sikuwahi kupata jibu. Baadaye nilisikia Daktari Mtafiti amehamia kazi nyingine.

Sikwenda kumuaga arap Sigei. Nilijiambia nitarudi Jumapili. Ilikuwa mvua, kisha ikawa zamu, kisha ikawa aibu.

Kule Chepseon nilikaa katika chumba chenye hadubini moja na kalenda. Wiki zilipita bila mtu kunitaja kwa jina. Asubuhi moja, foleni ya makohozi ikiwa ndefu, nilimwona Mama Chebet amesimama nyuma kabisa, kitambaa cheusi kichwani. Nikajua, kwa macho yaleyale yanayojua mapema.

Nilimtoa kwenye foleni, nikamketisha ndani.

"Tulimzika wiki tatu zilizopita," alisema. "Nilidhani umesikia."

"Sikusikia, Mama."

"Alikuuliza. Si mara moja." Hakusema kwa kunilaumu. "Aliniambia mambo, mwishoni. Alisema kuna mbegu za ugonjwa wake kwako, kwenye lile sanduku, na kwamba zinatembea usiku na mchana. Nimekuja kuuliza. Bado zinatembea?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nilizisimamisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kabla hata yeye hajapumzika."

Alifumba macho. Mabega yake yalishuka. "Basi," alisema. "Nilikuwa silali. Nilikuwa nawaza, yeye yuko chini, halafu ile kitu iliyomuua iko huko inapewa chakula." Akanyoosha mkono, nikaushika, na hakuuachia hadi muuguzi alipokuja kuniita.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Nilirudishwa hospitali kubwa, nikawa mimi ndiye Mkuu wa Maabara, nikawafundisha wengine wasipumue wanapokata. Utaratibu niliufuata. Mgonjwa akiniuliza, nilimwambia asubiri daktari, na niliposema hivyo nilimtazama usoni, sikutazama dirishani. Hilo tu ndilo nililobadilisha. Majibu ya Nairobi siku hizi hayachukui wiki saba, na nawaombea ninyi mnaokuja yazidi kuharakishwa, kwa sababu kungoja nako kunatesa.

Nilistaafu nikapewa blanketi na saa ya ukutani. Nikarudi Nyamira kwa mke ambaye nilikuwa nimeishi naye mwisho wa mwezi kwa karibu miaka thelathini. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana katika nyumba moja. Alijua napenda chai isiyo na majani mengi. Sikujua kwamba yeye aliacha sukari zamani.

Msimu uliopita tulikuwa tunapalilia. Binti yetu Moraa alikuwa amepiga simu kutuuliza habari, na baada ya simu, sijui kwa nini, nilianza kumweleza mama yake juu ya vile vioo. Nilichora mistari kwenye udongo kwa kidole. Nikamwonyesha seli zilivyoingia ndani ya mistari. Nikafika kwa arap Sigei, nikafika kwa fomalini.

Alinisikiliza hadi mwisho, jembe begani.

"Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuwa karibu, Mama Moraa."

"Kericho ni mahali pa kufika kabla ya jua kuwa kali," alisema. "Ungeniita, ningekuja."

Nilidhani atarudi kwenye mstari wake wa mahindi, maana mvua ilikuwa inakuja. Badala yake aliweka jembe chini, akaketi kwenye nyasi za mpakani, akapigapiga nyasi kando yake ili niketi.

"Sasa huyo arap Sigei," akasema, "alikuwa mtu wa namna gani?"